PhET kwa anayeanza fizikia: naipa alama za juu, mradi kalamu itangulie

Nafundisha tuisheni ya fizikia kwa wanaoanza, na kila anayeniuliza ajifunzie wapi akiwa peke yake namwelekeza PhET, mkusanyiko wa programu za majaribio ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ilianzishwa 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari, na ukishapakua programu unayoitaka unaitumia hata bila intaneti. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Nitazungumzia mbili tu, zile zinazonisaidia zaidi.

Forces and Motion: Basics kwanza. Unasukuma kreti la kilo 50, au jokofu la kilo 200, sakafuni. Uzuri wake wote uko kwenye mishale ya kani, yaani nguvu za kusukuma au kuvuta. Weka msuguano, halafu ongeza msukumo kidogo kidogo: mshale wa msuguano nao unarefuka, sawa na wako, kuelekea upande wa pili, na kreti halisogei. Wanafunzi wengi huja wakiamini msuguano ni namba moja tu, unaikokotoa na kuitoa basi. Hapa wanauona ukijibu msukumo nyutoni kwa nyutoni mpaka ufike kikomo. Kreti linaanza kwenda, na mshale uleule unafupika ghafla. Hakuna mchoro wa ubaoni unaoonyesha hilo vizuri hivyo.

Kisha ondoa msuguano, sukuma, uachie. "Mwalimu, mbona halisimami?" Swali hilo lazima litoke, nami hulisubiri kwa hamu. Jumla ya kani ni sifuri, kwa hiyo mchapuko, yaani kiasi kasi inavyobadilika kila sekunde, ni sifuri, kwa hiyo kasi inabaki ilivyo. Mtu akishaliona kwa macho yake haandiki tena kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe kinasukumwa.

Kuna pia boksi la zawadi lisiloandikwa kilo. Gawanya kani kwa mchapuko, utapata tungamo lake, yaani hizo kilo. Jibu silitaji, litafuteni.

Ya pili ni Energy Skate Park, ya mtelezaji kwenye njia yenye mabonde. Mimi hutoa swali kabla ya skrini kuwashwa: mtelezaji wa kilo 60 anaachiwa kutoka kimo cha mita 4, bila msuguano; kasi yake chini kabisa ni ngapi? Nishati ya kimo ni tungamo mara mchapuko wa mvutano wa dunia mara kimo, 60 × 9.8 × 4, yaani jouli 2,352, na yote inageuka kuwa nishati ya mwendo. Kasi inatoka kama mita 8.9 kwa sekunde. Baada ya hapo ndipo tunafungua programu, tunabadilisha tungamo, na darasa linaona kasi haitikisiki. Wale walioifuta m, alama ya tungamo, pande zote mbili za mlinganyo hutabasamu tu.

Msuguano ukiingia, pau za nishati ndizo zinazofundisha. Tuseme kafika chini na mita 8 kwa sekunde: nishati ya mwendo ni jouli 1,920. Jouli 432 zilizopungua zimo kwenye upau wa joto, na ule wa jumla haujashuka. Njia ikiwa na urefu wa mita 9, wastani wa kani ya msuguano ni nyutoni 48. Huo ni mgawanyo mmoja tu, lakini asiyejua zile 432 zimekwenda wapi hawezi hata kuuanza.

Upungufu upo. Forces and Motion: Basics ni ya sakafu bapa pekee, haina mteremko, kwa hiyo kugawanya uzito katika sehemu mbili, sambamba na mteremko na ya pembe ya digrii 90 nao, utajifunza kwa penseli na rula. Tena programu haikuulizi umepewa nini na unatafuta nini, na hapo ndipo maswali mengi ya mtihani hushindwa. Anayecheza nayo bila karatasi pembeni ataburudika sana na kujifunza kidogo, ndiyo maana nasisitiza kukokotoa kwanza.

Kwa Energy Skate Park tafuteni kompyuta au tableti. Inawezekana kwenye simu, ila kuvuta vidoti vya njia kwa kidole kunataka subira. Na kama bado hujaweza kuchora kani zote zinazotenda kwenye kitu kilichotulia mezani, anza na kreti, mtelezaji atakusubiri.