TAHADHARI: Tapeli anauza "hisa za kaboni ya ziwa" Kisumu na sasa Ahero, msimpe hata shilingi

Ndugu zangu, nimetapeliwa. Nimelikalia jambo hili kwa aibu, lakini jana nimesikia jamaa yuko Ahero anaitisha mikutano, na siwezi kunyamaza mwingine akalia kama mimi. Ile pesa, wanaonijua wanajua ilitoka wapi na ilikuwa ya kazi gani. Sina nguvu za kuieleza tena.

Alitukuta Dunga, ufukweni hapa Kisumu, siku ya chama. Shati jeupe, laptopu kwapani, anasalimia kwa Dholuo safi, "mama" huku, "mzee" kule, adabu tele. Akaweka chupa mbili kubwa za kioo mezani. Zote maji ya ziwa, ila moja akaitia unga wa rangi ya kutu, akasema ni chuma. Tusiziguse, atarudi wiki ijayo. Aliporudi, ile ya unga ilikuwa kijani hata huoni upande wa pili. Akaiinua juu. "Huu ukijani ni hewa chafu imeliwa. Mti wako nyumbani utachukua miaka kufanya kazi hii, halafu shemeji yako aukate kuni. Maji yanakatwa na nani?" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Alikuwa na bei mbili. Ya nchi kavu, yaani miche ya miti, shilingi 2,500. Ya maji, shilingi 15,000 kwa hisa, malipo kila mwezi kutoka Ulaya. Nilichukua hisa mbili za maji. Nilituma pesa nikiwa nimesimama palepale, yeye akinisomea namba tarakimu moja moja, macho yake kwenye kidole changu. Ujumbe ulipoingia kwake akanishika mkono kwa mikono miwili: "Karibu, mwenye ziwa." Neno hilo linanichoma hadi leo. Mwenye ziwa!

Na wale mnaoniuliza nilimwaminije, sikilizeni kwanza. Mengi aliyosema ni kweli, na hapo ndipo penye ubaya wake. Alitaja mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, ambako wanakijiji wanauza kredi za kaboni za mikoko, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaimeza, na upo kweli. Alitaja wakulima wa huku kwetu, Kisumu, Siaya na Bungoma, waliopata kredi za kaboni ya udongo mwaka 2014 kupitia mradi wa Vi Agroforestry na mfuko wa Benki ya Dunia. Kweli pia, wengine mnawajua. Akasoma sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023, kwamba mradi wa ardhi hurudishia jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama, na usio wa ardhi asilimia 25. Iko hivyo hivyo. Hata kwamba bahari humeza karibu robo ya kaboni dioksidi tunayotoa wanadamu, hakudanganya. Sasa mtu anayejua yote hayo utamshuku vipi?

Uongo aliuficha katikati. Mpwa wangu anayesomea mambo ya samaki ndiye aliyenifumbua macho. Chuma hukuza mwani, ndio ule ukijani wa majini, pale tu penye chakula chake kingine chote ila chuma, kama bahari ya kusini karibu na Antaktika. Hata huko, mwani ukiliwa au ukioza juu juu, hewa inarudi ilikotoka. Lazima uzame kilomita nzima au zaidi ndipo kaboni ikae chini kwa karne. Ziwa letu Victoria palipo na kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, na Ghuba ya Winam, huku kwetu Kisumu, ni kina kifupi zaidi. Itazama wapi? Tena ziwa limeshashiba mbolea za mashambani na maji taka, ndiyo maana tuna gugu maji na ule ukijani. Ukijani ukioza unamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Alituuzia ugonjwa wa ziwa letu kama dawa!

Mti aliouchekelea angalau unazungushiwa kamba shina ukapimwa. Unaweza kukatwa, unaweza kuungua, sawa, lakini ukiondoka kila mtu anaona. Kaboni ya maji mimi ningeihesabia wapi?

Na si mchezo mpya. Mwaka 2008 nchi za Mkataba wa London, ule wa kuzuia utupaji taka baharini, zilikubaliana kwamba kurutubisha bahari kusiruhusiwe ila kwa utafiti halali. Mwaka 2012, magharibi ya Kanada, kijiji cha wenyeji kilitoa zaidi ya dola milioni 2, karibu tani 100 za madini ya chuma zikamwagwa baharini kwa tumaini la samaki na kredi. Mwaka uliofuata maofisa wa mazingira wakaenda kupekua ofisi za kampuni iliyomwaga. Huko wanapekua. Huyu wetu anakunywa chai Ahero.

Ya kuangalia, ninayokumbuka: jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Cheti chake kina muhuri lakini hakina namba ya mradi, wala hajawahi kuonyesha karatasi ya NEMA, na ndio mamlaka ya mambo haya. Anataka wewe ulipe kwanza. Laini anabadilisha.

Akamatwe! Afikishwe mahakamani, arudishe kila senti, na afungwe, maana kuna mjane pale Dunga aliyeuza mbuzi kwa ajili yake. Na walioshika daftari lake mkutanoni nao waitwe waandike taarifa.

Nimeandikisha polisi na namba ya OB ninayo. Mwenye risiti yake au ujumbe wa kutuma pesa, asifute, aniandikie tuziunganishe kesi. Na nyinyi wa Ahero aliowaahidi chupa wiki ijayo: akirudi nazo, piga picha uso wake kabla ya chupa.