Koha katika maktaba ya shule inayobaki wazi baada ya vipindi

Sekondari nyingi za kutwa zina maktaba iliyo wazi wakati mwanafunzi yuko darasani na iliyofungwa anapotoka. Vipindi vinaisha saa 8 au saa 9 alasiri, mwalimu wa maktaba naye ana rundo la madaftari ya kusahihisha, basi mlango unafungwa. Hofu kubwa inayoufunga ni upotevu: viranja wakiachiwa kaunta, nani atajua kitabu fulani kiko kwa nani? Tathmini hii inaipima Koha, programu ya bure ya kuendesha maktaba, kwa swali hilo tu: je, inawezesha maktaba kubaki wazi hadi saa 12 jioni, na usiku wakati wa prepo kwa shule za bweni, chini ya viranja wawili na mwalimu wa zamu, bila vitabu kuyeyuka? Jibu ni ndiyo, lakini si kwa mipangilio inayokuja nayo. Ukiisimika na kuiacha ilivyo, kwa kazi ya jioni itakusumbua kuliko kaunta buku.

Koha ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000. Jina ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Inakaa kwenye Debian au Ubuntu (mifumo endeshi ya bure ya jamii ya Linux), haina ada ya leseni, na haihitaji intaneti ikishasimikwa: seva moja (kompyuta inayotunza kumbukumbu zote), ruta ya kawaida, na kompyuta za kaunta zinazoifungua kupitia kivinjari. RAM ya GB 4 inatosha shule moja, GB 8 ni raha.

Kitu bora kabisa ndani yake kwa saa za jioni ni uazimaji wa kusomea humo humo ndani. Unawasha mpangilio wa OnSiteCheckouts, na kwenye skrini ya kuazimisha kunatokea kisanduku kidogo chini ya sehemu ya kuingiza namba ya kitabu. Kiranja akikitia alama, kitabu kinaandikwa kwa jina la mwanafunzi lakini mwisho wake ni siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kile kitabu cha Fizikia chenye nakala sita kwa wanafunzi mia mbili hakiazimwi kwenda nyumbani, ila kila anayekishika jioni anajulikana. Ukiongeza OnSiteCheckoutsForce, hata mwanafunzi aliyesimamishwa kuazima kwa kuchelewesha kitabu anaruhusiwa kusomea ndani, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kumnyima mtoto meza na taa kwa sababu ya kitabu kilichochelewa siku mbili ni adhabu isiyo na faida kwa yeyote.

Mpangilio wa tatu wa familia hiyo ni SwitchOnSiteCheckouts. Huu ndio unaorahisisha saa ya kufunga. Mwanafunzi aliyekuwa anasomea ndani akiruhusiwa kuondoka na kitabu, kiranja anaskani tena bila kutia alama, na rekodi inageuka kuwa ya kuazima kwa kawaida. Hakuna kurejesha kwanza ndipo uazimishe, na foleni ya saa 12 kasorobo inapungua.

Sasa kuazima kwa usiku mmoja, mahali ambapo wengi wanakwama. Koha inapima muda wa kuazima kwa siku au kwa saa. Ukiweka siku 1, kitabu kilichotoka leo jioni mwisho wake ni kesho saa 5:59 usiku, maana yake kinakaa kwenye begi siku nzima ya kesho huku wenzake wakikitafuta. Ukiweka saa 14, aliyeazima saa 11:30 jioni atatakiwa kurudisha saa 1:30 asubuhi, sawa kabisa, lakini aliyeazima saa 9:30 alasiri atatakiwa kurudisha saa 11:30 alfajiri, mlango ukiwa bado na kufuli. Mfumo utamhesabu amechelewa. Katika matoleo ya karibuni kuna jedwali la saa za maktaba kwa kila siku ya wiki, pamoja na mpangilio wa ConsiderLibraryHoursInCirculation: unaweza kuiambia Koha kwamba muda ukiangukia saa ambazo maktaba imefungwa, uvutwe hadi itakapofunguliwa tena. Weka muda wa saa 3, andika kwamba mnafungua saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, na kila kitabu kinachotoka baada ya saa 9 kinatakiwa kurudi kesho mapema. Jumapili na sikukuu ziingize kwenye kalenda.

Kwa toleo la zamani, njia ni ya mkono lakini inafanya kazi: washa SpecifyDueDate, kiranja anapoingia zamu aandike tarehe ya kesho na saa ya kurudisha, kisha atie alama ya kukumbuka kwa kipindi chote. Vitabu vyote vya jioni hiyo vinachukua saa hiyo hiyo. Akisahau kutia alama, cha kwanza tu ndicho kinachopata saa sahihi, vingine vinarudi kwenye kanuni ya kawaida. Na kwa kuwa Koha inaandika 07:30, wakati mwanafunzi anasema saa moja na nusu, bandikeni kaunta karatasi yenye saa zote mbili. Si jambo dogo, maana 07:00 iliyosomwa kama saa saba inakuwa saa saba mchana.

Faini za pesa tunashauri mziache. Zinazalisha madeni ambayo kiranja hana mamlaka ya kupokea, na mtoto asiye na pesa anaacha kuja kabisa. Kwenye jedwali la kanuni kuna safu ya kusimamishwa kwa siku: kila siku moja ya kuchelewa, siku moja ya kutoazima. Hesabu hufanywa papo hapo kitabu kinaporudi.

Kuhusu viranja, ruhusa za Koha zimepangwa vizuri. Mpe kiranja ruhusa ya catalogue, maana bila hiyo hawezi hata kuingia upande wa watumishi, na ndani ya fungu la circulate mpe ile inayoitwa circulate_remaining_permissions. Usimpe force_checkout, kwa sababu ndiyo inayomwezesha kupuuza kizuizi na kumpa rafiki yake kitabu cha tano. Kila kiranja awe na jina lake na nywila yake. Shule zinazotumia akaunti moja ya “kaunta” kwa wote hupoteza ushahidi wa nani alikuwa zamu, na ubishi wa kitabu kilichopotea hauishi.

Ipo pia skrini ya kujiazimia mwenyewe, WebBasedSelfCheck. Kwa shule ya kutwa hatuipendekezi jioni, isipokuwa kiranja amesimama mlangoni. Kadi ya mwenzako ukiiokota unaazima kwa jina lake. Mkiitumia, lazima iwe ya jina na nywila, na punguzeni muda wa kusubiri kutoka sekunde 120 hadi 30 ili anayeondoka bila kufunga ukurasa asiachie wa nyuma yake akaunti iliyo wazi.

Kazi ngumu ni kuingiza vitabu. Shule yenye nakala 2,000 za vitabu 400 tofauti ikadirie dakika 5 kwa kila kitabu kuandika rekodi, kama saa 33, na dakika moja kwa kila nakala kubandika lebo, saa nyingine 33. Kutafuta rekodi zilizokwisha kuandikwa kwa njia ya Z39.50 (inayochukua rekodi kutoka maktaba nyingine kupitia intaneti) kunasaidia kwa riwaya na kamusi za nje. Kwa vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania jiandaeni kuandika wenyewe. Nakala 80 za kitabu kimoja msiziandike mara 80: kuna kitufe cha kuongeza nakala nyingi kwa mara moja. Lebo za 3 kwa 8 zinatoa 24 kwa karatasi ya A4, hivyo nakala 2,000 zinahitaji karatasi 84. Bandikeni msimbo pau, ile lebo ya mistari ya kuskani, juu ya jalada la nje, kona ya juu, na utepe wa plastiki wenye gundi juu yake. Ukibandikwa ndani, kiranja anafungua kila kitabu, na foleni inakuwa ndefu.

Msisubiri orodha ikamilike ndipo mfungue jioni. Kitabu kisicho na rekodi kikiletwa kaunta, fomu fupi ya kuandika haraka inatosha: jina la kitabu, namba, basi. Rekodi kamili itaandikwa baadaye. Fomu hiyo ina ruhusa yake ya pekee, kwa hiyo aifungue mwalimu wa zamu.

Tatizo linalouma zaidi halionekani hadi siku ya msiba. Koha hujinakili kila siku, ila kazi hiyo hupangwa kufanyika saa 12 na dakika 25 alfajiri. Seva ya shule inayozimwa jioni na kuwashwa saa 1:30 asubuhi haijawahi kuwa hai saa hiyo, kwa hiyo nakala rudufu haipo, na taarifa za waliochelewa hazitoki. Tiba ni kusimika anacron, ambayo huzikamilisha kazi zilizopitwa pindi mashine inapowashwa. Kisha hakikisheni kwa macho kwamba kuna faili jipya ndani ya /var/spool/koha, na kila Ijumaa mlihamishie kwenye flashi inayokaa ofisi nyingine.

La pili ni betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta kuukuu, ile ya CR2032. Ikifa, na intaneti haipo ya kurekebisha, mashine ikizimwa inarudi kwenye tarehe ya zamani, na vitabu vyote vya jioni hiyo vinaandikwa kana kwamba vilitoka miaka iliyopita. Kiranja aangalie tarehe kabla ya kuskani kitabu cha kwanza.

Kwa umeme, kompyuta mpakato iliyotumika inafaa kuwa seva kuliko ya mezani, kwa kuwa betri yake inaivusha pale umeme unapokatika. Iwekeni isilale ikifunikwa. Taa sita za LED za wati 9, mpakato na ruta kwa pamoja ni kama wati 110. Saa 3 za prepo ni Wh 330, ambazo betri moja ya sola ya 12V 100Ah inazimudu bila kushushwa chini ya nusu.

Shule yenye vitabu chini ya 500 na isiyo na mtu wa karibu anayeijua Linux ibaki na kaunta buku yenye safu tano: tarehe, jina na kidato, namba ya kitabu, saa ya kutoka, sahihi ya kurudisha. Hiyo nayo inatosha kuacha mlango wazi.

Kwa wenye Koha, dakika 20 kabla ya kufunga kiranja afungue ukurasa wa vitabu vinavyosomewa ndani ambavyo bado havijarudi, asome majina kwa sauti, kila mmoja arudishe au aombe cha usiku. Ukurasa ukiwa mtupu, mwalimu wa zamu anafunga mlango. Shule za kutwa zianze zoezi hilo mapema zaidi, saa 11 na dakika 10, ili wanaotembea mbali, wasichana hasa, wawe njiani giza halijaingia.