Jumamosi sita Langoni: darasa la vyama vya Marekani

Nimemaliza darasa la Jumamosi sita linalosomeshwa hapa Langoni, Lamu, ghorofani juu ya duka la mshonaji, baada ya sala ya Isha. Mada ilikuwa jinsi vyama vya siasa vilivyozaliwa Marekani. Ada ni shilingi 300 kwa kikao, kahawa ya tangawizi na kashata humo humo. Mwalimu ni mstaafu wa sekondari. Anastahili pesa yake, ingawa nina lalamiko moja na si dogo.

Mimi nina duka la rejareja, na daftari langu la madeni lina majina ya nusu ya mtaa. Ndiyo maana kikao cha kwanza kilinishika. Mwalimu hakuanza na marais, alianza na deni. Askari wengi waliopigania uhuru walipewa hati za deni badala ya pesa. Wakangoja, shida ikawabana, wakaziuza kwa bei ya kutupa kwa wenye mitaji. Januari 1790 Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, akapendekeza kwa Kongresi, yaani bunge lao, kwamba hati zilipwe thamani kamili, na alipwe aliye nazo mkononi. Mbunge James Madison akapinga: yule askari wa mwanzo naye apate fungu lake. Hoja ya Madison ikaanguka kwa kura 36 dhidi ya 13.

Hapo mwalimu akasimamisha maelezo. "Wa Madison wakae upande wa dirisha, wa Hamilton upande wa mlango." Tulikuwa watu 14. Tisa tukaenda dirishani, watano mlangoni. Mimi sikufikiri mara mbili, maana nimewaona wavuvi wetu wakimpa dalali kamba waliowavua kwa bei anayotaka yeye kwa sababu walikwisha kula pesa zake. Lakini jirani yangu, fundi wa majahazi, alikwenda mlangoni, na neno lake bado linanisumbua: "Bwana, ukianza kuuliza hati imepita mikono ya nani, kesho nani atakubali kuipokea hati yako?"

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya benki ya taifa ya 1791, aliyoitaka Hamilton na Madison akaipinga, yenye mtaji wa dola milioni 10 na kibali cha miaka 20. Nilipofika nilikuta watu wamekwishakaa: wa dirishani dirishani, wa mlangoni mlangoni, na hakuna aliyeulizwa swali. Nami nikaenda kukaa palepale pangu. Mwalimu akatutazama, akasema, "Basi hivyo ndivyo vilivyoanza."

Sijapata kusomeshwa jambo likaniingia namna ile. Katiba iliyoandikwa 1787 haikutaja vyama hata mara moja, na Madison huyo huyo mwaka ule aliandika kuhusu hatari ya makundi. Hakuna aliyeitisha mkutano akasema tuanzishe chama. Waligombana juu ya deni, likaja la benki wakajikuta na wenzao walewale, kisha 1793 vita vya Ufaransa na Uingereza, kisha mkataba na Uingereza aliousaini mjumbe wa Marekani, John Jay, kule London mwaka 1794. Kila jambo jipya liliwakuta watu pale walipokuwa wamekaa. Hata magazeti yaligawanyika. Thomas Jefferson, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali moja na Hamilton, alimwajiri mshairi Philip Freneau kuwa mfasiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka, na Freneau huyo akawa mhariri wa gazeti la kumshambulia Hamilton. Rais George Washington alipoaga mwaka 1796 alionya juu ya roho ya chama, lakini Wafederali wa Hamilton na Warepublikani wa Jefferson na Madison (si Warepublikani wa leo) walikwisha kuwapo.

Uchaguzi wa 1800 ulipitishwa haraka mno. Jefferson na Aaron Burr, wa upande mmoja, walifungana kwa kura 73 za wajumbe wanaomchagua rais, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 mpaka Februari 1801 kumpata rais. Jambo zito kama hilo lilipewa robo saa. Karatasi zilizogawiwa zilikuwa na wino hafifu, na ramani haikuwapo.

Lalamiko langu hasa ni utumwa. Katika kuhesabu viti vya majimbo, katiba ile iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu, wakati wenyewe hawakuwa na kura, na hesabu hiyo ikawaongezea nguvu wakubwa wa kusini waliowamiliki. Jefferson na Madison walikuwa miongoni mwao. Mwalimu alilisema kwa sentensi mbili, tukiwa tunavaa viatu. Huu ni mji ambao watumwa walihudumia majumba yake ya mawe na kulima mashamba yake ya bara. Hatuwezi kukaa hapa tukagombania haki ya askari na hati yake, kisha yule ambaye hakupewa hati wala jina tumpite mbio. Nilimngoja mpaka wengine wakaondoka, nikamwambia kwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika katika daftari lake.

Ngazi ni za wima na tunakaa mkekani, kwa hiyo wazee waombe kiti mapema. Awamu ijayo ni baada ya Maulidi. Nimekwisha kumlipia binti yangu wa kidato cha tatu, na nimeiona ratiba mpya: kikao cha nne chote ni cha utumwa.