TAHADHARI: Ukifungiwa mziki kwenye gari, usikubali geini ifunguliwe yote

Wadau, nimepigwa mchana kweupe, tena nikashukuru na kutoa hela ya soda juu.

Nilienda Gerezani, Kariakoo, kutafuta amplifaya na sabufa ya inchi 12 za IST yangu. Jamaa akanipa amplifaya imeandikwa wati 2000 kwa maandishi makubwa, laki tatu na nusu pamoja na ufundi. Alipomaliza kufunga akachukua bisibisi ndogo, akazungusha geini, ile skrubu ndogo ya kwenye amplifaya, mpaka ikagota, na kitufe cha besi akakifungulia chote. Vioo vikatetemeka. "Unasikia hiyo, bosi?" Nikalipa.

Siku ya nne, niko foleni ya Tazara, nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Sabufa ikabaki kukwaruza tu. Nilivyorudi nikaambiwa nimepiga sauti kubwa mno, ila nyingine ipo, laki na themanini. Risiti sina, kosa langu.

Shemeji yangu ni fundi umeme. Akachomoa fyuzi ya ile amplifaya: moja tu, ampea 30. Zidisha kwa volti 13.8 za gari likiwa limewashwa, unapata kama wati 414 zinazoingia. Hizo 2000 zinatoka wapi? Akakwangua waya wa betri kwa kisu, ndani mweupe, aluminiamu iliyopakwa shaba badala ya shaba tupu.

Halafu geini yenyewe. Kumbe si ya kuongeza sauti, ni ya kulinganisha amplifaya na redio. Redio yangu inatoa volti 2, jamaa geini kaiweka kwenye volti 0.2, kana kwamba redio ni dhaifu mara kumi. Unapandisha sauti kidogo tu, amplifaya imeshafika mwisho wa nguvu zake, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa na koili ya spika inapikwa. Ila dukani inapiga kelele kweli, na kelele ndiyo inayouza.

Shemeji alifunga amplifaya nyingine akaiseti hivi: besi sifuri, waya za sabufa nje, redio robo tatu, mlio wa hezi 50, mita ya kupima volti kwenye AC, kwenye matundu ya waya za sabufa. Wati 200 za amplifaya mara omu 4 za sabufa ni 800, kipeuo chake cha pili ni 28 na ushee, ndizo volti za kulenga. Akapandisha geini polepole hadi volti 28, akaacha. Geini hata nusu haikufika.

Duka silitaji, maana mchezo huu wanaocheza ni wengi. Fundi asiye na mita, mkimbie. Juzi nimepita pale, kuna kaka kakaa kwenye gari lake, vioo vinatetemeka, anahesabu hela.