"Mama harusi, hii si blenda": uzoefu wangu na duka la kompyuta hapa Mombasa

Nyota moja. Naanza na hukumu kabisa, maana nikianza na kisa nitajikuta namwonea mtu huruma, na leo sina nafasi hiyo.

Duka liko katikati ya mji, ghorofani, ngazi nyembamba unayoipanda umeikumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa. Jina silitaji kwa sasa. Sababu nitaisema.

Kazi yangu ni video za harusi, hasa shughuli za wanawake watupu: hina, kesha, kupamba. Ukumbini hamna mwanamume hata mmoja. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko nje, mama wa watu aliyejifunika mwaka mzima anacheza mpaka jasho linamtiririka. Picha zile ni amana. Kwa hivyo kabla kompyuta yangu haijaenda kwa fundi yeyote, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja, natoa diski zote naziacha nyumbani. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililonitukanisha.

Kilichonipeleka ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Mazabodi yangu, bodi kuu inayobeba vyote, ni ya B450, toleo la 2018, na ilikuwa na Ryzen 5 2600. Nikapata Ryzen 7 5700X kwa bei ya maana. Prosesa hiyo ukiipachika kwenye bodi yenye BIOS ya zamani, ile programu ndogo ya bodi inayoiwasha kompyuta, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi ti. Hapo ndipo fundi asiyejua anakwambia bodi imekufa, nunua nyingine. Na si ajabu watu wanachanganyikiwa, kwa sababu AMD wenyewe, wenye prosesa za Ryzen, walitangaza Mei 2020 kwamba bodi hizi hazitapokea Ryzen 5000, familia ya hii 5700X yangu, wakisingizia nafasi: chipu ya BIOS ya megabaiti 16 haitoshi kubeba taarifa za prosesa zote. Watu wakapiga kelele, na mwezi haukwisha wakageuza kauli. Baadhi ya BIOS mpya za bodi hizi zikatupa nje prosesa fulani za kale ili hizi mpya zipate pa kukaa. Yote hayo nilishayasoma kabla ya kupanda ngazi. Sikwenda pale mtupu.

Kwenye BIOS sina malalamiko, na haki lazima isemwe. Kuna kijana pale, mwanagenzi, mpole, ananiita anti. Mwenye duka alipotaka prosesa ya zamani ing'olewe moja kwa moja, kijana akamwambia taratibu, "Tuiflashi kwanza na hii hii," yaani BIOS mpya iandikwe prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Akalitafuta faili kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe, mpaka namba ya toleo, kwa sababu bodi mbili za jina moja zinaweza kuwa na faili tofauti. Flashi diski akaifomati FAT32. Halafu akahamisha waya wa umeme kutoka ukutani akauchomeka kwenye UPS, ile betri ya akiba, na hilo peke yake lilinifanya nimpende. Mji huu umeme haukuagi. Ukikatika katikati ya kuflashi, ile chipu ndogo ya miguu minane inabaki na nusu ya programu, na bodi isiyo na kitufe cha kujiokoa itataka mtu mwenye kibanio na kifaa cha kuiandika upya kutoka nje. Alinionyesha hiyo chipu kwa ncha ya bisibisi. Akavuta na vijiti vya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, akasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya shule, raba ikageuka nyeusi. Hewa ya chumvi hii hatuijui sisi mpaka tuione pale.

BIOS ikaingia, prosesa mpya ikapachikwa, mashine ikawaka. Nikalipa, nikashuka na tuktuk, furaha tele.

Nyumbani Windows ikanidai ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski. Diski zangu nimezifunga kwa sababu ileile ya amana. Ukibadilisha prosesa, bodi za AMD huuliza kabla ya kuwaka: unataka kufuta kumbukumbu ya usalama ya zamani, ile BitLocker inayoitegemea kufungua diski, ndiyo au hapana? Mtu pale dukani alibonyeza ndiyo bila kuniuliza. Nilikuwa na zile tarakimu 48 kwenye karatasi, nikaziingiza moja moja. Angekuwa mwingine asiye na karatasi, video za nusu mwaka zingebaki zimefungwa hivyo hivyo. Lakini nikasema yaishe.

Hayakuisha. Kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, kulikuwa kuzito kuliko nilivyotarajia kwa prosesa yenye koa nane. Nikafungua Task Manager: RAM inakwenda kwa kasi ya 2133 tu. Bila shaka. Ukiflashi BIOS, mipangilio yote hurudi ya kiwandani, na RAM ya DDR4 ya kasi ikikosa kuambiwa chochote huamka na mwendo wake wa chini. Kabla ya hapo vijiti vyangu vinne vilikuwa vikienda 2933, sina shida navyo. Nikarudi, kosa dogo, wangerekebisha kwa dakika. Safari hii kijana hakuwepo. Mwenye duka akaichukua mwenyewe, huku akinung'unika kwamba wateja siku hizi wanasoma vitu kwenye simu. Akabonyeza bonyeza, akafunga kifuniko. "Nimekuongezea spidi ya bure. 3600. Furahi."

Sikufurahi. Usiku huo kazi ilikuwa ya kupamba, bibi harusi anaingia ukumbini, mikono imejaa piko mpaka viwiko, vigelegele. Naangalia video iliyorendwa: anapoinua mkono, viganja vinakatika vipande vya mraba, vya kijani, vinahama kando, vinarudi usoni. Nikarenda tena. Mara hii uso mzima. Halafu skrini ya bluu: MEMORY_MANAGEMENT. Kadi za kamera nilikuwa bado sijazifuta, namshukuru Mungu kwa hilo, maana mashine yenye RAM mbovu hata kunakili faili tu inaweza kukuharibia nakala na isikwambie neno.

Nikapakua Memtest86+, programu ya bure, inakaa kwenye flashi diski na kuwaka yenyewe bila Windows. Haikupita muda, mistari myekundu ikaanza kumiminika skrini nzima. Nikaingia kwenye BIOS kuona alichofanya yule bwana. 3600 kwa vijiti vinne vya seti mbili tofauti, na volti amezipandisha mpaka 1.45. DDR4 ya kawaida ni volti 1.2, na seti nyingi za kasi zimeandikwa 1.35. Alikuwa ameona seti moja imeandikwa 3600, akailazimisha na ile ya 3200 ifuate.

Najua kuna watakaoniambia nisichanganye vijiti. Vimekaa pamoja muda mrefu bila ugomvi, mpaka vilipokutana naye. Na hata vingekuwa ndugu wa seti moja, vinne ni mzigo. AMD wenyewe kwa Ryzen 5000 wanaahidi 3200 ukiwa na vijiti viwili, lakini ukijaza nafasi zote nne kwa vijiti vya safu moja ya chipu wanashuka hadi 2933. Zaidi ya hapo ni ovakloki, kulazimisha kasi kupita ahadi hiyo, hata kama namba imechapwa kwenye kijiti chenyewe. Ile XMP, mpangilio wa kasi wa kubonyeza mara moja, ni ahadi ya waliotengeneza kijiti. Bodi yako na prosesa yako havikutia saini. Inaweza kukubali, inaweza kukataa, na mbaya kuliko zote inaweza kukubali nusu, mashine ikawaka vizuri huku ikikuibia biti moja hapa na moja pale. Ndiyo maana inajaribiwa.

Sasa njooni dukani asubuhi yake.

"Ami," nikamwambia, kwa adabu zangu zote, "mashine inaharibu kazi. Mliijaribu kabla ya kunipa?"

Macho yako kwenye simu. "Iliwaka?"

"Iliwaka."

"Basi ilijaribiwa."

Nikamwonyesha picha ya mistari myekundu. Hakuitazama. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, na nadhani ndio waliomtia maneno mdomoni. "Mama harusi, hii si blenda. Ukitaka spidi, vumilia na tabu zake. Na kama huelewi, mlete mzee wako nizungumze naye."

Benchi likacheka.

Mzee wangu, kwa taarifa yake, hajui hata RAM na diski zina tofauti gani. Na spidi sikuitaka. Nilitaka ile 2933 yangu niliyokuja nayo.

Nikamuuliza tena kwa nini hakujaribu. Hapo ndipo akapata upenyo: "Ulitoa diski! Ningejaribu na nini? Kwani hapa tuko wezi?" Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini, kana kwamba mimi ndiye niliyemvunjia heshima.

Hasira yangu yote iko hapa, blenda nilishaisamehe kidogo. Kujaribu RAM hakuhitaji diski yangu. Hakuhitaji Windows. Hakuhitaji kuona mama wa mtu akicheza. Flashi diski ileile waliyotumia kuflashi BIOS ingebeba Memtest na nafasi ikabaki. Unaichomeka, unaiacha izunguke wewe ukienda kunywa kahawa, ukirudi una jibu. Fundi anayetengeneza kompyuta za watu kwa pesa hana udhuru wa kutokuwa nayo. Akiijua na asiitumie, ni dharau. Asipoijua, basi zile bango za "wataalamu" ateremshe.

Nikaondoka na mashine yangu. Sikutukana, sijui ni nguvu gani ilinishika.

Jioni simu ikaingia ujumbe wa sauti, kijana. Alikuwa amesimuliwa. Ananong'ona, nadhani alikuwa bado dukani: "Anti, weka 2933, volti 1.35, zile nyingine ziache zijipange zenyewe. Halafu iache Memtest mpaka asubuhi, usiangalie duru moja tu." Nikafanya hivyo. Kwa gigabaiti 32 ni kazi ya usiku kucha ukitaka duru za kutosha. Alfajiri skrini ilikuwa safi, hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Nikarenda kupamba yote, viganja vikatulia mahali pake, na wenye harusi wamekwishapokea yao. Na kasi nayo, sikwambii. 5700X kwenye bodi ya 2018 ni kitu nisichokitegemea, ningekuwa naandika kuhusu prosesa peke yake ningeipa nyota tano nikatafuta ya sita.

Kwa hivyo nikaanza kufikiri, labda nyota tatu. Kijana alifanya kazi ya maana, BIOS iko sawa hadi leo, na ushauri wake wa dakika moja umeniokoa kuliko ile spidi ya bure. Hata mwenye duka, pengine siku ile alikuwa na yake. Nikawa nimeshabadilisha hapo juu.

Halafu nikakumbuka yule aliyebonyeza "ndiyo" kwenye swali la usalama lazima awe kijana, maana ndiye aliyepachika prosesa. Mbili basi.

Halafu nikakumbuka Ryzen 5 2600 yangu.

Iko kwenye droo yao. Siku ya kwanza ilitolewa, ikawekwa kwenye kile kipakiti cha plastiki, na katika furaha ya kuona mashine inawaka hakuna aliyenikabidhi. Nimemwandikia mwenye duka. Ujumbe ameusoma, alama mbili za buluu zinaonekana, jibu hakuna. Prosesa ile bado ni nzima, kuna binti wa dada yangu anajifunza kuhariri na nilishamwahidi. Mimi mwenyewe sitaki kulisikia tena benchi lile, kwa hivyo Jumamosi namtuma mpwa wangu wa kiume, aende na picha ya risiti, aitwe mzee akitaka.

Akirudi nayo, na miguu yake yote imenyooka, nitaongeza nyota. Akirudi mikono mitupu, nitahariri maandishi haya na jina la duka litakuwa kwenye mstari wa kwanza, na namba ya mlango.