Diski ya Home Alone yenye sauti ya muongozaji: inunuliwe au iachwe?

Kabla sijasema neno, nasimamisha picha hapa. Usiniangalie mimi, angalia pipa la taka. Umeiona hiyo karatasi iliyolowa, katikati ya tishu walizofutia maziwa? Hiyo ni tiketi ya ndege ya Kevin, mtoto wa Home Alone anayesahaulika nyumbani peke yake familia ikisafiri Krismasi kwenda Paris. Baba yake amefuta meza harakaharaka, akazoa kila kitu akatupa. Ndiyo maana kesho yake pale uwanja wa ndege hakuna tiketi inayobaki mkononi, na hakuna anayeshtuka kwamba mtoto mmoja hayupo.

Nimeiangalia filamu hii tangu niko mdogo, sebuleni kwa jirani yetu aliyekuwa na deki ya mikanda, watoto wa mtaa mzima tumejaa kwenye mkeka mpaka mlangoni. Tumeirudia Krismasi ngapi sijui. Tiketi hiyo nimekuja kuiona mwaka huu, kwa sababu ya diski hii niliyoshika hapa. Karibuni sana, wapendwa. Leo tunaichambua hii.

Ni DVD ya mwaka 2006, toleo waliloliita Family Fun Edition. Filamu yenyewe ni ileile iliyotoka Marekani Novemba 1990, ikaongoza mauzo ya kumbi za sinema za kule kwa wiki 12 mfululizo. Kinachokufanya utoe hela ni nyongeza zake. Kubwa kuliko zote ni sauti ya muongozaji, Chris Columbus, amekaa na Macaulay Culkin, yule Kevin mwenyewe, sasa ni mtu mzima, wanaiangalia filamu mwanzo mwisho huku wanazungumza juu yake. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 wakati wa kurekodi anajitazama akiwa amekua. Mimi hapo tu hela yangu imesharudi. Nitakayowasimulia leo lakini si yote yametoka kwenye diski. Mengine wahusika wameyasema kwenye mahojiano yao kwa miaka mingi.

Nataka tukae kwanza kwenye yale maanguko, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunayachekea tukiwa watoto. Diskini kuna kipindi kizima kinachohusu mitego ya Kevin na watu walioiangukia. Angalieni hapa, Marv, mmoja wa wezi wawili wanaoivamia nyumba, anashuka ngazi za barafu za kwenda chini ya nyumba. Miguu inaruka juu, mgongo unatua kwenye zege. Huyo si Daniel Stern, mwigizaji wa Marv, ni mtu anayeruka badala yake, na ameanguka kweli. Mwaka 1990 hapakuwa na kompyuta ya kumchora mtu akianguka, na hakuna kamba iliyomshika. Ni mwili wake na sponji chache alizoficha ndani ya nguo. Columbus amewahi kueleza kwamba wakati wa kurekodi maanguko hayo hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wanaomba Mungu yule mtu ainuke akiwa mzima. Nilipolijua hilo nikarudi kuangalia ngazi zile upya. Bado nacheka, lakini sasa namwangalia aliyeanguka mpaka mwisho wa picha, nione kama anasogeza mkono.

Na buibui je? Wa kweli kabisa. Yule mkubwa mwenye manyoya, alitembezwa juu ya uso wa Daniel Stern. Miguu inayokanyaga mapambo ya vioo, hiyo ni ya mpira, alivalishwa kama soksi. Tazama vidole vyake kwa karibu, utaona ngozi imenenepa kupita kiasi.

Joe Pesci, huyu Harry, mwizi wa pili mwenye jino la dhahabu, mwaka huohuo wa 1990 alionekana pia kwenye Goodfellas, filamu iliyompa Oscar. Alikuwa amezoea filamu za watu wazima zenye matusi mengi, na hapa anaigiza na mtoto. Columbus alimwomba kila tusi likimjia atafute neno jingine, ndiyo maana mnasikia Harry ananung'unika maneno yasiyoeleweka kila anapoungua au kuteleza. Akajitenga na Culkin makusudi, asimzoee, ili mtoto amwogope kweli mbele ya kamera. Kuna pale mwishoni wanapomtundika Kevin mlangoni na Harry anasema atamng'ata vidole kimoja kimoja. Walipokuwa wanaijaribu sehemu hiyo, alimng'ata kweli. Culkin amesema kovu lipo kidoleni mpaka leo.

Sasa nyumba. Nyumba mnayoiona kwa nje ipo, mji wa Winnetka, kaskazini mwa Chicago, mtaa wa Lincoln namba 671. Lakini sehemu kubwa ya ndani, ngazi, sebule, yote yale, ilijengwa kwa mbao kwenye ukumbi wa michezo wa shule iliyokuwa imefungwa, New Trier West. Na ile sehemu ya chini iliyofurika maji, ya nyumba ya jirani ambako wezi wanamkamata Kevin? Waliijenga ndani ya bwawa la kuogelea la shule hiyohiyo. Paris nayo hamkufika. Uwanja wa ndege wa Paris na wa Chicago yote ni O'Hare, uwanja wa Chicago. Nyumba ya juu ya mti aliyokimbilia Kevin kwa kamba ilijengwa kwa ajili ya filamu, walipomaliza wakaibomoa.

Angalieni pia rangi. Simamisha picha popote ndani ya nyumba hiyo: karatasi za ukutani, mapazia, shuka, taa, hata mavazi. Nyekundu na kijani, nyekundu na kijani. Hii ndiyo sababu filamu inanukia Krismasi hata ukiiangalia mwezi wa saba. Kuna mtu alikaa akachagua kila kitambaa kile.

Na yote haya yalikaribia kufa. Filamu ilianza mikononi mwa studio ya Warner Bros., waliotaka gharama isizidi dola milioni 10. Bajeti ikapita, wakaisimamisha. Studio nyingine, 20th Century Fox, wakaichukua palepale, kazi ikaendelea, na mwisho ikala kama milioni 18. Ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 470 duniani.

Kwenye nyongeza wameweka pia ile filamu ya majambazi anayoiwasha Kevin kuwatishia watu, yenye rangi nyeusi na nyeupe. Miaka yote nilijua ni sinema ya zamani waliyoiazima. Kumbe haipo! Waliitunga na kuirekodi wenyewe kwa siku moja tu, wakaipa jina la Angels with Filthy Souls, kwa kuigiza jina la filamu ya kweli ya mwaka 1938, Angels with Dirty Faces. Hapa diskini unaipata kipande kizima, bila kukatwa na uso wa Kevin. Jamani, angalieni kivuli kile ukutani na moshi ule. Kazi ya siku moja, na imefanywa kwa heshima kama filamu kamili.

Siku moja tena: John Candy, yule mpiga muziki mnene anayempa mama lifti kwenye gari lao. Sehemu zake zote zilirekodiwa ndani ya siku moja, karibu saa 23 mfululizo, na malipo yake yalikuwa dola 414, kima cha chini cha chama cha waigizaji. Alifanya kwa urafiki na John Hughes, mwandishi wa filamu. Ile hadithi anayomsimulia mama, ya kumsahau mtoto wake kwenye nyumba ya maiti, aliitunga papo hapo. Mwangalie Catherine O'Hara, anayemwigiza mama, usoni wakati anasikiliza. Candy alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 43, na mimi sipiti hapo haraka.

Lakini sehemu niliyoirudia kuliko zote haina mtego wala mwizi. Kanisani, mkesha wa Krismasi. Mzee Marley, jirani waliyemzushia kwamba ni muuaji, anakuja kukaa na Kevin kwenye benchi. Habari za ugomvi wake na mwanawe ziliongezwa na Columbus, hazikuwa kwenye muswada wa kwanza wa Hughes. Nje mnaona kanisa moja la Wilmette, mkiingia ndani mko kanisa jingine kabisa, la Oak Park. Roberts Blossom, anayemwigiza Marley, anaongea taratibu, mkono wake una bandeji, na kwaya ya watoto inaimba nyuma. Muziki ni wa John Williams, na aliletwa baada ya mtunzi wa kwanza, Bruce Broughton, kubanwa na kazi nyingine. Ukatajwa kuwania Oscar mara mbili, muziki wenyewe na wimbo wa Somewhere in My Memory. Usikilize muziki huo mwishoni, Kevin yuko dirishani, theluji imetanda nje, mzee anamkumbatia mjukuu wake. Mtoto niliyekuwa kwenye mkeka ule alikuwa ameshalala ikifika hapo.

Sasa la muhimu kwa atakayenunua. Diski yangu nililetewa kutoka Marekani, nikaiweka kwenye deki, ikaitema. Kioo kikaandika kanda si sahihi. DVD zinafungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinakouzwa: za Marekani ni kanda namba 1, sisi huku Tanzania na Kenya ni namba 5. Duka nililoitoa hiyo deki waliniapia inasoma kila kitu, haikusoma. Nikaja kuangalia kwa kompyuta, na hapo tahadhari: kompyuta nyingi zinakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, ya tano inajifunga moja kwa moja. Ukitaka Blu-ray, herufi yetu ni B, ya Marekani ni A. Picha za DVD hii kwenye TV kubwa zina ukungu kidogo, hasa za usiku, siwafichi. Kama unataka filamu tu, usihangaike nayo, iangalie popote unapoilipia. Kama unataka kumsikia muongozaji, nunua, ila igeuze kwanza nyuma ya kava utafute kidunia kidogo chenye namba ndani yake. Kikiwa na 1, muulize fundi wako kama deki yako inasoma diski za kanda zote, kabla hujatoa hela.