Waini nyekundu ya mizabibu mizee: kabla hujasoma lebo, shika shingo ya chupa

Euro 24. Naitaja hela mwanzo kabisa maana ndiyo iliyoniuma.

Mwezi wa saba mwaka jana wifi yangu alikuja kututembelea kutoka Brussels na mumewe, nikapika pilau la mbuzi, nikasema leo sinunui ya supamaketi, leo tunakunywa kitu cha maana. Nikaingia duka moja la waini kwenye kakijiji fulani ka watalii juu huku ya Montpellier, kusini mwa Ufaransa ninakoishi, nyumba za mawe, milango ya buluu, dirishani chupa zimesimamishwa kama maharusi. Nikabeba moja imeandikwa Vieilles Vignes kwa dhahabu, yaani mizabibu mizee. Ndani zabibu za aina tatu, Grenache, Carignan na Syrah kidogo, mchanganyiko wenyewe wa huku kusini. Kuifungua mezani, harufu ya jamu iliyoungulia sufuriani. Ladha ya tende zilizochemshwa, halafu katikati hapo hakuna kitu, halafu mwishoni pombe tupu inakuchoma koo. Wifi kwa adabu zake akasema "ina nguvu eeh". Mumewe akaomba soda.

Kesho yake nikairudisha, chupa bado robo tatu. Muuzaji akanusa, akatabasamu, akaniambia madame, mizabibu mizee ndivyo ilivyo, labda hujaizoea.

Hujaizoea! Mimi mtoto wa Dodoma, mjomba ana shamba la zabibu Hombolo, kule tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati wao huku wanavuna mara moja na kufanyia sherehe, leo naambiwa sijazoea zabibu. Nikatoka pale nimevimba. Nilipofika mlangoni nikageuka kuangalia dirisha, jua la saa nane limezipiga zile chupa zote usoni, nikagusa kioo kwa kiganja, kimechemka. Hapo ndio nikaelewa. Waini yangu haikuwa na uzee wowote, ilikuwa imepikwa.

Sasa tangu niandike kamstari kamoja kuhusu hiyo chupa nimepata meseji nyingi za watu yamewakuta hayohayo, Marseille, Lyon, mmoja alibeba chupa mbili za zawadi mpaka Dar akampa bosi wake na bosi hajawahi kuziongelea tena. Ndio maana leo naandika mwongozo. Mambo ya mwaka gani mzuri, medali gani, pointi ngapi, sigusi, hayo yameandikwa mpaka basi. Mimi naongelea joto.

Iko hivi. Waini inatakiwa ilale mahali penye nyuzi 12 mpaka 14 hivi. Ikipata joto inatanuka, inakisukuma kizibo kutoka ndani, nyingine inapenya pembeni inatoka, usiku ikipoa inanywea na kuvuta hewa ndani. Fanya hivyo kila siku kiangazi kizima halafu uniambie kimebaki nini. Na ubaya wake kwa waini hizi ni kwamba wizi wake haushikiki kirahisi. Mzabibu mzee unazaa kidogo, zabibu zake chache zina utamu na uzito, na Grenache yenyewe ikiiva vizuri pombe yake inapanda mpaka asilimia 14 na zaidi. Kwa hiyo mtu anategemea ladha nzito. Muuzaji akikupa iliyopikwa anakwambia huo ndio uzito wenyewe, na wewe unaona aibu kubisha.

Usione aibu. Nzito nzuri ina uhai ndani. Unasikia kauchachu kanakufanya umeze mate, unasikia ukakasi kidogo kwenye ufizi kama umekula bibo, na harufu inabadilika kila ukirudi kwenye glasi, mara majani makavu ya mlimani, mara pilipili manga, mara tunda bichi. Iliyopikwa ina harufu moja tu, ile ya jamu, na ukirudi baada ya nusu saa ni ileile au imekuwa mbaya zaidi. Hicho ndio kipimo changu, sina kingine.

Lakini hiyo ni baada ya kununua, hela imeshakwenda. Dukani fanya hivi: shika shingo ya chupa kwa mkono mmoja, ile kofia ya bati iliyofunika kizibo jaribu kuizungusha taratibu kwa mkono mwingine. Ikizunguka, mara nyingi ni dalili njema. Ikigoma kabisa kama imegandishwa na gundi, kuna uwezekano waini ilivuja ikakaukia humo ndani (zingine zimebanwa tu kiwandani, kwa hiyo jaribu mbili tatu za aina hiyohiyo). Pitisha kidole juu. Kama kizibo kimenyanyuka kimetengeneza kamlima, rudisha. Halafu angalia waini imefika wapi shingoni, linganisha na jirani zake. Kama moja imeshuka na wenzake wamejaa, iache hapohapo, na kusema kweli hata hao wenzake mimi nisingewaamini. Na chupa ya dirishani usinunue hata ukipewa nusu bei. Muuzaji akisema hii ndio ya mwisho mwambie basi asante.

Mimi mwenyewe sio malaika, niliwahi kuacha chupa 6 kwenye buti la gari tukaenda kuogelea Palavas mchana kutwa. Sita. Mume wangu mpaka leo akiona nafungua buti anauliza kama tunapika.

Ngoja niseme na hili la jina maana ndipo tunapoibiwa mara ya pili. Hayo maneno Vieilles Vignes hayana sheria. Ufaransa hii inayokupangia zabibu gani upande kijiji gani na uvune kiasi gani, kwenye neno "mzee" imekaa kimya, mtu mwenye mizabibu ya miaka 25 anaandika na mwenye ya miaka 90 anaandika. Wakulima wa waini wa Barossa kule Australia angalau walikaa wakajiwekea madaraja, miaka 35, 70, 100, 125. Huku ni kuaminiana tu. Kwa hiyo uliza swali moja: ilipandwa mwaka gani? Mkulima wa kweli anakujibu mwaka na anakutajia shamba, tena anaanza kukusimulia babu yake. Tapeli anasema "ooh, ya zamani sana". Na akikwambia miaka 200 cheka. Pale mbele ya stesheni ya Saint-Roch hapa Montpellier kuna bustani ya Planchon, profesa wa mji huu ambaye mwaka 1868 yeye na wenzake waligundua kwamba kinachoua mizabibu ni kadudu kadogo ka mizizini, filoksera. Kale kadudu kalifyeka karibu nchi nzima, ikabidi wapande upya kwa kuunganisha na mizizi ya Marekani. Ukiacha maeneo machache kama yale ya mchanga, ambako kadudu kalishindwa, mizabibu mizee ya Ufaransa ni ya baada ya hapo.

Haya, tuje kwenye chupa zenyewe. Nazipanga kwa moyo wangu, anayetaka usawa aende mahakamani.

Ya kwanza, na sijifichi, ni Domaine Gauby (domaine ni shamba la waini) ya kijiji cha Calce, karibu na Perpignan. Ile nyekundu yao inayoitwa hivyohivyo Vieilles Vignes. Nawapendelea, ndiyo, na sijalipwa hata kizibo. Carignan, Grenache, Syrah, Mourvèdre humo ndani, na kinachonishangaza ni kwamba kusini kote huku jua linaunguza lakini waini yao ina ubaridi fulani, pombe haikurukii, unasikia kama mawe yaliyonyeshewa na mvua halafu tunda linakuja nyuma pole pole. Nilifungua moja mwezi wa kwanza, nikaiweka friji dakika 25 kwanza (ndiyo, nyekundu, friji, tulieni), tukanywa na maharage ya nazi na nyama ya kukaanga, glasi ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza na ya mwisho tuligombania. Nililipa euro 30 na kitu. Ni hela. Lakini euro 24 za kumwaga kwenye sinki ni hela zaidi.

Ya pili Domaine d'Aupilhac, Montpeyroux, hii ni ya jirani kwetu huku. Chukua Montpeyroux yao nyekundu, mchanganyiko wa zabibu zilezile nne, na ya tano Cinsault nayo imo. Kali kidogo ikiwa changa, ina ukakasi wa kiume, ipe saa nzima kwenye jagi hata la plastiki kama huna la kioo. Pia wana chupa ya Carignan peke yake ya mizabibu mizee, sio mchanganyiko lakini nainunua ili nijue Carignan ni nani. Maana huyu Carignan mnamuona hivi, ndiye aliyekuwa zabibu iliyopandwa kuliko zote Ufaransa, halafu wakamdharau, wakulima wakalipwa wang'oe. Iliyobaki ndiyo hiyo mizee, kila mti umesimama peke yake kama kichaka kifupi bila waya, mashine haipiti, mtu anainama na mkasi. Ukiuona mzabibu wa namna hiyo mwezi wa pili, mweusi, umejikunja kama mkono wa bibi, utaacha kubisha bei. Kidogo.

Ya tatu Occultum Lapidem ya Bila-Haut, hiyo ni ya Chapoutier, mtengenezaji mkubwa wa waini, jina refu kama dawa ya hospitali. Syrah, Grenache, Carignan kutoka Latour-de-France, bonde la mto Agly. Inapatikana kirahisi na bei yake ni nusu ya Gauby hivi. Nzito, lakini ile nzito yenye uhai. Tatizo ni kwamba kwa kuwa inapatikana kila mahali, inakaa kila mahali, pamoja na madirishani. Zungusha kofia.

Châteauneuf-du-Pape, ile waini maarufu ya bonde la Rhône, mtaniuliza. Nzuri, zipo za mizabibu mizee kwelikweli, na sheria yao inaruhusu aina 13 za zabibu kwenye chupa moja. Ila unalipia jina kwanza, waini baadaye. Kwa hela hiyo nenda Gigondas au Cairanne hapo jirani.

Za bei rahisi: ile ya supamaketi ya euro 5 yenye maandishi ya Vieilles Vignes makubwa kuliko jina la mwenye shamba, pikia. Na La Vieille Ferme yenye picha ya kuku, watu wananiuliza kila siku, jamani hilo jina maana yake shamba la zamani, sio mizabibu ya zamani. Inanyweka. Basi.

Kitu kimoja cha kuchekesha, kuna watu wanapika waini makusudi. Ukipita shamba la Mas Amiel kule Maury utakuta madumu makubwa ya kioo yamepangwa nje uwanjani, mamia kwa mamia, waini tamu inakaa mwaka mzima juani na kwenye baridi. Na ni tamu kweli, inaonja kakao na tini kavu. Lakini wao wanaifanya kwa hesabu, na waini yenyewe imeongezwa pombe kuistahimilisha. Yule wa dirishani kwangu hakuwa na hesabu, alikuwa na pazia lililokatika.

Kinachoniudhi zaidi ni nani anaumia. Mkulima anainama, anavuna kidogo, na sasa hivi hali yao ni mbaya mpaka serikali ilitangaza kuwalipa euro 4,000 kwa hekta wang'oe mizabibu moja kwa moja. Hekta nzima! Halafu chupa ya huyohuyo mkulima ikifika kwenye mgahawa wa pale katikati ya mji inazidishwa mara tatu, inaletwa mezani ina joto la chumba cha mwezi wa nane, nyuzi 27, na ukiomba ndoo ya barafu mhudumu anakuangalia kama umeomba ugali. Omba. Nyuzi 16 au 17 ndio yake. Hiyo "joto la chumba" waliianzisha enzi nyumba zao zina baridi kama kisima.

Kama unaweza, nunua kati ya mwezi wa 11 na wa nne, na nunua shambani kwenyewe, wengi wanakuuzia hata chupa mbili na kukuonjesha. Yale maonyesho ya waini ya supamaketi mwezi wa tisa nayo si mabaya, mzigo unaingia na kutoka haraka, haujapata muda wa kuungua. Kwa wanaobeba kwenda nyumbani, iwe katikati ya nguo, na ukifika usiiache kwenye gari ukisalimia ndugu.

Mwezi wa 12 nilipita tena kwenye kile kijiji. Dirisha lilelile, chupa ileile, maandishi ya dhahabu yameanza kufifia upande wa jua. Imeshushwa mpaka euro 19, na pembeni wameweka kakibao kameandikwa "chaguo letu".